Mifupa Kutoka Mwanza

Bibi Semeni alikuwa akipanda ngazi za soko la Morogoro, kikapu cha mboga mkononi, alipokanyaga ganda la ndizi. Kabla mwenyewe hajajua kwamba anateleza, miguu-sindikizi ya chuma aliyojifunga kuanzia kiunoni hadi nyayoni ilikwisha kuhisi uzito wake ukihama. Ikakaza magoti, ikamsimamisha wima. Bibi akacheka, akaendelea kupanda.

Miguu ile ilikuwa kazi ya kampuni ya watu wawili, mtu na mkewe. Tatu Mloka, mhandisi, ndiye aliyebuni akili ya mwendo, ile sehemu inayomzoea mvaaji na kumuwahi kabla hajaanguka. Mumewe, Kobelo, alisubu mifupa yake ya chuma kwenye tanuri lililokuwa nyuma ya nyumba. Sasa wazee wa kila mkoa waliitaka, na wawili hao walikuwa wamezidiwa.

Tatu akaenda kwa Mlinganishi, mashine ya chama cha wafanyabiashara. Mashine hiyo huchambua kazi zote za kampuni, ikasema kampuni inaweza nini kuliko wengine, na ishirikiane na nani kwa kile isichokiweza.

"Uwezo wenu mkuu ni akili ya mwendo," Mlinganishi alisema. "Hakuna anayewakaribia. Lakini mifupa yenu ni mizito na inachelewa. Mwanza kuna kampuni inayokuza mifupa ya nyuzi za kaboni, ila haijui kumtembeza mtu. Shirikianeni nayo. Tanuri mlifunge."

Tatu alirudi nyumbani. Alipika, akapakua, akashindwa kula.

"Mama Zamda, sema tu," Kobelo alimwambia. "Ni tanuri?"

"Nani kakwambia?"

"Niliagiza mfupa wa Mwanza mwezi uliopita, nikaushika. Mwepesi kama bua la mtama! Nilitaka nione kama naweza kuwapita. Siwezi."

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona unauchezea ugali?"

Tatu akasukuma sahani. "Kampuni tuliianza wote, Baba Zamda. Naweza kuwakatalia."

"Ukatae, wazee waendelee kuanguka kwa sababu unanionea haya mimi? Saini, mke wangu."

Wakasaini. Watu wa Mwanza walikuja na samaki, sato waliokaushwa, wakakaa mkekani, wakamsikiliza Kobelo akiwaeleza jinsi goti linavyochoka likipanda mlima. Walipoondoka, tanuri halikuwashwa tena. Asubuhi Kobelo alilizunguka, akalipapasa, akakosa pa kuiweka mikono yake.

Tatu alimtazama kutoka dirishani, kisha akatoka nje.

"Twende tukatembee."

"Wapi?"

"Popote. Mpaka mtoni."

Hawakuwa wamefika hata kwenye kona, Tatu akajikuta yuko peke yake. Akageuka. Kobelo alikuwa akija taratibu, akiutupa mguu wa kushoto upande, kama mtu aliyeegemea mguu mmoja mbele ya moto kwa miaka mingi.

"Umeanza lini kuchechemea?"

"Zamani."

"Mume wangu! Na mimi niko humo humo ndani?"

"Ulikuwa na wazee wako. Walikuwa na shida kuliko mimi."

Tatu akarudi alikokuwa mumewe, akamshika mkono, wakaenda polepole, kama alivyoweza Kobelo.