Unawafahamu Watu Hawa?

Suruali ya Muzi Zondi ilipasuka katikati ya soko la Warwick, Durban, alipoinama kubeba kreti la mananasi. Ililia "prrr!" kwa sauti iliyofanya hata wauza kuku wageuke.

"Simama hapo hapo, usigeuke," sauti ilisema nyuma yake.

Alikuwa Velaphi Ngcobo, fundi cherehani wa nguo za harusi, mtu wa miaka hamsini na mmoja, shati jeupe limenyooka kwa pasi, sindano yenye uzi imechomekwa kwenye ukosi kama ilivyo desturi yake.

"Bwana wee, unanishona hapa hapa? Watu wanatuona!"

"Walichoona wameshaona. Tulia, sindano haina adabu."

Muzi, mwalimu wa udereva, mnene wa kupendeza, fulana ya manjano, alicheka mpaka kreti likatikisika. Akapinda shingo, akamwona fundi wake. "Wewe ni Ngcobo. Nyusi hizo hazidanganyi." Ukoo huo husifiwa kwa nyusi nzuri. Velaphi aliona haya, na umri wote ule.

Wakapendana. Simu hazikukatika.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Sauti yako ina njaa."

Jioni moja Muzi akamuuliza anatamani nini kuliko vyote duniani. Velaphi akasema, "Miaka thelathini nawashonea watu harusi zao. Natamani siku moja wajumbe wasimame getini kwetu asubuhi, walitaje jina la ukoo wangu kwa sauti, waje kuniomba mimi. Haya, cheka."

"Sicheki, laazizi."

Nyumbani kwao Umlazi, Velaphi aliishi na dada yake mjane, Bajabulile, na binti wa dada, Nolwazi. Hakuwahi kuwaambia lolote kuhusu moyo wake, akaamini hawajui. Lakini nyumba ya vyumba vitatu haina siri, ina adabu tu.

Adhuhuri moja Bajabulile akaingia dukani kwa Velaphi bila hodi, ndani ya koti lake jekundu la kanisa. Akamkuta Muzi ameketi karibu na cherehani, anakula maharage kwenye bakuli la bluu la marehemu mama yao, bakuli ambalo Velaphi hakuruhusu mtu aliguse.

"Huyu nani?"

Velaphi akainamia cherehani. "Simfahamu vizuri, dada. Mteja tu."

Muzi akaweka bakuli chini taratibu, akamsalimia mama yule kwa heshima zote, akaondoka. Baada ya muda mfupi simu ikalia.

"Miezi kumi na minne, Velaphi. Hunifahamu?"

"Ningesema nini mbele ya dada?"

"Hata 'rafiki yangu' imekushinda!"

Simu ikakatwa. Wiki tatu Velaphi alipiga, hakujibiwa. Ndipo siku moja, akipita dirisha la duka la mablanketi, akamwona Muzi na mzee mmoja wa rika la babu wanachagua mablanketi manne na shali la mama. Moyo ukamlipuka. Nani Durban asiyejua maana ya mablanketi na mzee wa ukoo? Ni posa! Muzi anaoa, na bila shaka anaoa mwanamke. Velaphi alirudi dukani, akashindwa hata kutunga uzi.

Jumamosi Bajabulile akamgongea mlango. "Vaa suti. Tuna wageni wa posa."

"Wa Nolwazi?"

Dada akaangalia sufuria aliyoishika. "Vaa suti."

Saa moja asubuhi sauti nzito ikapasua mtaa kutoka getini, ikiutaja ukoo kwa majina yake ya sifa: "Ngcobo! Fuze! Mapholoba! Mashiyamahle! Sisi wa Zondi tumekuja kuomba!"

Kikombe kilimtoka Velaphi mkononi kikavunjika. Zondi? Muzi anamwoa Nolwazi! Akamkimbilia binti jikoni.

"Nolwazi, tangu lini? Tangu lini wewe na Muzi?"

"Mjomba! Mchumba wangu yuko Pretoria, na wala si Zondi. Hebu ingia sebuleni, unaitwa."

"Naitwa mimi?"

"Wewe!" Akamsukuma.

Sebuleni palikuwa na yule mzee wa duka la mablanketi, mablanketi miguuni, na baba mdogo Mqondisi, mkuu wa ukoo, kofia magotini. Velaphi akamgeukia dada yake, mdomo wazi.

"Ulisema humfahamu mtu anayekula kwenye bakuli la mama," Bajabulile akasema. "Nikamtafuta kwa miguu yangu. Nikamwambia aliyekukana amekonda, lete barua ya posa."

Baba mdogo akakohoa. "Nina miaka themanini. Nilidhani nimeshaona yote, kumbe! Usiku nimekosa usingizi. Lakini barua imekuja kwa utaratibu, na aliyefuata utaratibu haachwi getini." Akanyanyua uso. "Velaphi, unawafahamu watu hawa?"

Ndilo swali aulizwalo kila anayeposwa. Akisema hapana, wageni hubeba mablanketi yao, na mambo huishia hapo.

Velaphi akasimama. "Nawafahamu."

"Sema kwa sauti. Masikio yangu yamechoka."

"Nawafahamu, baba! Aliyewatuma ni mpenzi wangu. Nilimkana. Simkani tena."

Bajabulile akapiga vigelegele, na koti lake la kanisa mwilini. Baba mdogo akatikisa kichwa kwa muda mrefu, kisha akasema, "Basi wapeni wageni chai, tuanze."

Simu ikatetemeka mfukoni. Kwa mila, Muzi hakuruhusiwa kusogelea nyumba hiyo. Alikuwa kwenye kituo cha mafuta cha jirani, ndani ya gari lake.

"Wamefukuzwa?"

"Wanapewa chai."

"Uliulizwa? Ukasema nini?"

"Nimesema nakufahamu."

Honi ikalia, ndefu, kama ya mtu aliyelalia usukani.

"Muzi? Muzi!"

"Niache kwanza, nalia. Na nilivyoruka kwa furaha, suruali imepasuka tena."

Velaphi akafuta macho, akachomeka sindano kwenye ukosi wa suti. "Kaa hapo hapo, usigeuke," akasema. "Nakuja."