Mshipi Uliokwenda Mbele

Mshipi wa kurambaza, ule unaokokotwa huku boti ikienda, hufuata nyuma ya boti. Jumamosi ile, katika mkono wa bahari wa Tudor, mshipi wa Odera uliipita boti ukatangulia mbele, umekaza kama waya, na injini bado inasukuma.

"Kata," alinong'ona Fuad, mwenye boti, mtu wa Kibokoni aliyefanya kazi naye bandarini miaka saba. "Kata, yakhe. Huyo si samaki."

Odera, aliyekulia ziwani akivua sangara, alicheka akavuta. Mshipi ulikuja mwepesi, hauna ndoana, wanukia marashi.

Nyumbani alimkuta mkewe, Purity, akikuna nazi. Pembeni mwa mdomo wake palikuwa na kitobo kidogo, kikavu.

"Sijui ni nini," alisema. "Kimeanza kuniuma tangu asubuhi."

Odera akaenda jikoni kunywa maji. Purity akainuka, akamfuata. Akatoka uani, akamfuata tena, hatua tatu nyuma, mdomo wazi.

"Wataka nini, mama?"

"Sitaki kitu. Miguu yaenda yenyewe. Odera, simama, tafadhali!"

Jumatatu alipokwenda kazini, jirani alimpigia simu: Purity alikuwa ameegemea ukuta wa upande wa bandari, akiusukuma kwa paji la uso, analia. Odera akarudi, wala hakwenda tena. Mchungaji aliomba, asiweze. Ndipo Fuad akamleta shangazi yake, Bi Mejumaa, aliyefukiza ubani na kuweka bakuli la maji mbele ya Purity.

Sauti ilitoka kwenye maji, ya upole.

"Alinikokota nyuma ya boti yake. Nami namkokotea mkewe nyuma yake. Nikichoka, nitamvuta kwangu."

Bi Mejumaa alikusanya vitu vyake. "Mwanangu, jini aliyeingia mwilini nitamtoa. Huyu hakuingia. Yuko kwake, baharini."

Odera akawa haondoki kitini, ili mkewe apumzike. Siku ya tisa, mchana, hajasogeza hata kidole, Purity aliinuka mkekani akaelekea mlangoni, na Odera akaruka akamkumbatia kiuno, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote huku akimwita Fuad, akiwaita majirani, akimwita Mungu, na Purity akimwambia kwa sauti ndogo, "Usiniachilie, baba, usiniachilie," na visigino vya Odera vikaanza kuteleza sakafuni.