Jicho la Kushoto la Dorine

Siku hiyo ya soko, mji wa Migori ulikuwa umejaa hadi barabarani. Dorine Awino, fundi wa nguo aliyeshonea kwenye veranda ya duka la Mama Ruqia, alikuwa akipita mbele ya karakana ya vyuma, gauni lake la manjano likipepea, cheche ziliporuka. Kitu kidogo, kikali, kilimchoma jicho la kushoto. Akapiga yowe.

"Usilisugue! Dada, usilisugue!" Mwanamume mrefu mwenye aproni ya ngozi alimshika mikono yote miwili. "Naitwa Werema. Karakana ni yangu, kosa ni letu. Twende hospitali."

Kipande cha chuma kilitolewa, na kidonda kwenye kioo cha jicho kikashonwa kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Werema alingoja kwenye benchi. Kesho yake akarudi na uji kwenye thamosi, na kesho kutwa tena.

"Wewe hauna kazi?" Dorine alimtania.

"Kazi iko. Lakini chuma hakijui kucheka kama wewe."

Bandeji ilipotolewa, walikuwa tayari wanapendana. Lakini jicho halikutulia. Mboni iliyokuwa nyeusi iligeuka polepole rangi ya maziwa. Dorine alianza kujidunga sindano vidoleni, na pindo za wateja zikaenda upande. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa, alifumba jicho la kulia kupima jinsi la kushoto lilivyobaki. Kila asubuhi dirisha lilikuwa limefifia zaidi.

Akapelekwa Homa Bay kwa daktari wa macho. Daktari alimchungulia kwa darubini, kisha akamulika tochi juu, chini, na kando.

"Mwanga uko wapi?"

"Juu... Sasa upande wa pua."

"Vizuri. Nyuma ya jicho hakujaharibika. Chuma kiligusa lenzi, ndiyo imekuwa na ukungu. Tutaitoa tuweke ya plastiki. Lakini kovu la mbele litabaki, na siwezi kukuahidi utaona kiasi gani."

Aliporudi Migori alikwenda moja kwa moja karakanani amwambie Werema. Nje ya lango akamsikia mteja akicheka: "Umetoboa msichana wa watu jicho, sasa itabidi umuoe!"

"Ndiyo hivyo," Werema akajibu.

Dorine aligeuka akaenda zake.

Siku zilizofuata, simu ya duka ililia kutwa. "Mwambie sipo," Dorine alisema.

Mama Ruqia alifunika simu kwa kiganja. "Mwanangu, anaisikia sauti yako."

Dorine akaichukua.

"Mpenzi, nimekukosea nini?"

"Unanipenda ama unanilipa jicho?"

"Dorine, sikiliza..."

"Jibu, Werema."

"Nakupenda."

"Umechelewa." Akakata.

Alienda kulazwa Homa Bay peke yake. Mchana wa siku iliyotangulia upasuaji, muuguzi alimwita ofisini. Kulikuwa na simu yake.

"Shemeji, ni Kerosi, yule hufanya kazi na Werema." Akashusha sauti. "Siku ile uliumia, hiyo mashine ya kukata chuma ilikuwa mkononi mwangu. Yeye alikuwa nyuma akipaka lango rangi. Niliogopa polisi, watoto wangu wadogo. Nikamwomba anyamaze, akaniapia. Hajui nimekupigia."

Dorine aliegemea ukuta. "Kwa hivyo yeye hakunifanyia chochote?"

"Hakuna. Alikuja tu kwa sababu alitaka. Na saa hii ako njiani. Amesema hata ukimfukuza atakaa getini."

Jioni alimkuta Werema getini kweli, shati jeupe limepigwa pasi, viatu vimejaa vumbi.

"Muongo wewe," Dorine alisema.

"Nani amekwambia?"

"Mwenye mashine. Ukaacha tu nikuchukie?"

"Niliapa, Dorine. Siku ile ya simu nilitaka kusema, mdomo ukakataa."

"Na kesho nikitoka sioni?"

"Nitakuwa hapa."

"Nikiona vibaya?"

"Utaniona vibaya. Mimi pia si mzuri sana."

Alicheka huku machozi yakimtoka.

Asubuhi wakamdunga sindano ya ganzi kando ya jicho, wakamfunika uso kwa kitambaa. Hakusikia maumivu. Alisikia milio midogo ya vyuma, maji yakitiririka shavuni, na daktari akisema, "Usitingishike." Alibana shuka, akamwomba Mungu kwa Kijaluo, maneno yakimpotea katikati.

Siku iliyofuata daktari alibandua bandeji. Mwanga ukaingia wote kwa pamoja. Kisha dirisha. Kisha vidole.

"Ngapi?"

"Viwili."

Pembeni kulibaki kivuli, pale penye kovu. Dorine akageukia mlangoni.

"Werema, una mvi."

"Zimeota tangu ukate simu."

Dorine alijikaza asicheke, akateremsha miguu kitandani. "Ngoja nioshe uso kwanza, ndio unitazame vizuri."

"Hakuna kuosha uso!" muuguzi alifoka. "Hilo jicho halitaki maji!"

Dorine akaketi tena. "Basi sina pa kwenda. Nimekubali."

"Sijakuuliza kitu bado," Werema alisema.

"Si uulize."

Akauliza, palepale, mbele ya wadi nzima.