Kikuba Kwenye Kofia ya Bawabu

Soko la Chake limefurika, umeme umekatika tangu alfajiri, na Afra wa Tibirinzi, baibui lake jeusi limeingia vumbi, akasimama mbele ya meza ya sharubati ya Hamood.

"Nataka barafu. Yote."

"Yote? Una harusi, bibiye?"

"Nina chanjo."

Hamood akacheka, akabeba ndoo mpaka lango la maabara anakofanya kazi Afra. Njiani akaelezwa: wanatengeneza chembe za plastiki, laini kushinda unga wa muhogo, ndani wanatia vinasaba vya chanjo. Ukidungwa, plastiki inajiyeyukia mwilini, chanjo inatoka kidogo kidogo. Lakini mchanganyiko ukipata joto, kazi imekwisha.

"Na mimi nikipata joto?"

"Jitie ndooni!"

Mapenzi yakaanza hapo, na mji mzima ukajua. Kila asubuhi Hamood alimletea kikuba cha asmini na mrehani alichokifunga mwenyewe. Afra akikipachika kifuani, akimwita "roho yangu", halafu langoni akikivua. Kule ndani hawaingii na manukato wala mafuta, chembe zingegandana. Alimwachia Mmanga, bawabu, mpaka jioni. Hamood hakuambiwa. Angemvunja moyo vipi?

Sasa Bi Umkulthum, shangazi yake Hamood, kuna kinachompita? Siku hiyo akamkuta Mmanga kajichomekea kikuba kwenye kofia, anajinusia.

"Hamood, mwanangu! Maua yako anavaa bawabu! Mwache huyo. Yuko Saada wa Mtambile, mtoto katulia."

Hamood akazima simu. Afra akapiga, akapiga tena. Akaja sokoni, meza imefunikwa. Ijumaa, huko Mtambile, Hamood akamwoa Saada.

Fungate halijesha, Hamood kesharudi mezani, Mmanga akaja kunywa sharubati.

"Bwana harusi! Nani sasa ataniachia maua nimtunzie? Masikini Afra, kazini hawamruhusu kuingia nayo."

Hamood akaiacha meza wazi. Akakimbilia nyumbani Madungu, akajibanza uani, akapiga.

"Afra, habibti, nimekosa. Nilisikiliza maneno ya watu."

Ikasikika pumzi ya mtu aliyekwisha kulia.

"Nitakuja kuposa," Hamood akasema. "Dini inaruhusu. Uwe wa pili."

"Mama alikwisha kununua mikeka mipya ya kuwapokea wazee wako, Hamood. Wa pili?"

Jikoni sauti changa ikaita kwa furaha: "Mume wangu, chai inapoa!"

Afra aliisikia.

"Mwitikie," akasema. "Na siku ukiletewa neno juu yake, muulize mwenyewe."

Akakata simu.