Mashuka ya Bandari ya Tamsett

Zama zile Mfaransa na Mwingereza walipokuwa wakitwangana baharini, dola changa ya Marekani ilitoa neno lililowaacha wafalme vinywa wazi: vita hatuingii, na kiapo tulichokula na Mfaransa hatukivunji. Kusema ni rahisi. Aliyeangukiwa na kutenda ni Kezia Tharpe, mjane, rubani wa bandari ya Tamsett, mwanamke mwenye mabega kama mlango wa ghala.

Ndani ya bandari alikuwamo Kapteni Belrive, Mfaransa aliyemzika mume wa Kezia kwa heshima katika vita vya uhuru. Nje, manowari ya Mwingereza yenye mizinga arobaini ilikuwa ikimvizia, siku ya tisa sasa. Akitoka, kaburi lake ni maji.

"Wapiganapo tembo, Bi Kezia, nyasi huumia," alisema Josaya, mkuu wa ngome. "Tumwambie Mfaransa aende zake."

"Nyasi za huku zina miiba, Kamanda. Wewe elekeza mizinga, ulimi niachie mimi."

Sheria ya bandari isiyo na upande ilijulikana: mahasimu wakikutana ndani, akiondoka mmoja, mwenzake hungoja siku nzima, la sivyo ngome humfyatulia.

Basi Kezia akawaita wanawake wa mji. Wakatandaza mashuka yao ufukweni, wakakaa wakiyashona kama washona matanga. Yeye akapiga makasia hadi kwa Kapteni Horsfall, Mwingereza.

"Mapipa yako yananuka, bwana. Maji hatumnyimi mtu. Chemchemi iko chini ya ngome."

Horsfall akapima ufukwe kwa darubini, akatabasamu. "Kumbe rafiki yako hana matanga."

"Wewe una macho, mimi nina maji."

Akaingia, akatia nanga. Pipa la kwanza halijajaa, Belrive akapandisha kutoka chini ya sitaha, alikoyaficha, matanga mazima, meupe pe, akampita ubavuni huku amevua kofia. Mizinga ya ngome ikamgeukia Horsfall.

"Umenihadaa, mwanamke."

"Nimekwambia uongo gani? Maji si hayo, kunywa. Kesho saa kama hizi utakwenda zako."

Haikulia risasi hata moja. Kiapo kilisimama, na amani ikasimama kando yake.

Vitabu vya dola vikaandika kwamba ilikuwa busara ya wabunge. Tamsett hawakubishana na vitabu. Ila kila mwaka, siku ile ile, wanawake wao walianika mashuka ufukweni, hata mvua ikinyesha.