Jozi Moja Juu ya Mwamba

Umewahi wewe kuhesabu viatu ukakuta jozi moja imezidi watu? Basi sogea nikueleze yaliyomfika Mishi wa Kwale, maana siku ile alihesabu mara nne, na mara zote nne jozi ile ilikuwa palepale.

Na kwa viatu ndivyo walivyojuana, yeye na Seifu. Ilikuwa Jumapili sokoni Ukunda, tuktuk zinapigiana honi, wauza mitumba wamemwaga mali yao juu ya maturubai. Mishi alivaa dera la samawati na ushungi mweupe, ameinama anachagua. Kazi yake ni kuwatembeza wageni katika vilima vya Shimba hadi kwenye maporomoko, na viatu vyake vya zamani vilikuwa vimeachama midomo. Akaokota buti la kahawia, la mguu wa kushoto. La kulia lilikuwa mkononi mwa kijana mrefu aliyeiva kwa jua, shati lake limefifia kwa maji ya chumvi.

"Kaka, hilo pacha lake ninalo mimi."

"Basi lete hilo lako, dada, ndugu wakutane."

"Lete wewe! Mguu wote huo utaingia humo?"

Kitsao muuzaji akacheka. "Oaneni basi, mvae kwa zamu."

Seifu akamkabidhi buti. "Chukua, bibie. Mimi ni mtu wa bahari, wa Jego, nyayo zangu ndizo viatu vyangu. Nililishika tu nione nani atakuja kunigombeza."

Wakapeana namba za simu, na miaka miwili ikapita. Seifu alikuwa ufukweni Galu, akiwafundisha wageni kupiga kasia kwenye mitumbwi ya plastiki. Kila baada ya magharibi simu ya Mishi ililia.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula ugali na mboga ya mchunga. Wewe samaki tena? Utaota mapezi, Seifu."

"Nikiota, utanikimbia?"

"Nitakukaanga."

Walicheka hivyo miaka miwili, lakini neno moja halikutoka: kwamba Seifu atamtuma mjomba wake aende kuposa. Mishi alilingojea kila jioni. Mwisho ikaja posa nyingine, ya mtu wa Msambweni mwenye duka la saruji na mabati. Babake Mishi akasema jibu litatolewa Ijumaa, baada ya sala. Mishi akampigia Seifu.

"Wamekuja kuniposa."

Seifu aliwaza, kasia langu ni nini mbele ya duka la mabati?

"Nakutakia heri," akasema, na simu ikakatika.

Usiku ule Mishi hakupata hata lepe la usingizi.

Alhamisi, siku moja kabla ya jibu, wageni kumi na mmoja walimngoja kwenye lango la msitu. Wa mwisho kushuka garini alikuwa Seifu, amekonda, miguuni ana raba nyeupe mpya.

"Mishi, nina neno nawe."

"Neno lilikuwa la juzi, kaka. Leo niko kazini."

Wakateremka njia ya msituni, Mishi mbele, Mwinga askari wa msitu nyuma na bunduki yake. Kwenye maporomoko Mishi akawapa wageni sharti lake kama kawaida:

"Anayeingia majini aviache viatu vyake hapa mwambani. Akitoka, avivae. Kiatu kikiwa mwambani, mtu yuko majini. Hiyo ndiyo hesabu yangu."

Muda ulipofika akapuliza filimbi. Watu wakatoka wakitweta, wakavaa. Mwambani ikabaki jozi moja. Raba nyeupe.

"Seifu!" aliita. Maporomoko yakameza sauti.

Akahesabu watu: kumi. Akahesabu tena, mara ya pili, ya tatu, ya nne. Maji yalikuwa rangi ya chai kwa mvua ya jana, hayaonyeshi chini. Mwinga akaingia akipapasa kwa mti mrefu.

"Anajua kuogelea, dada, ni mtu wa bahari."

"Baharini hakuna magogo yaliyolala chini!"

Mishi akajitosa na dera lake na mabuti yake. Akazama, akapapasa matope, akaibuka, akazama tena. Kila alichoshika kilikuwa jani au jiwe. Kifua kilimwaka moto.

"Toka, Mishi, nitawapoteza wawili!"

"Sitoki! Alitaka kusema nami nikamfunga mdomo. Ya Rabbi, nirudishie huyu, sitaki kingine. Sitaki duka, sitaki kitu!"

Mwinga alimvuta kwa nguvu hadi ukingoni. Mishi akakaa pale amezikumbatia zile raba, wageni hawajui pa kutazama.

"Mishi?"

Sauti ilitoka juu, njiani. Seifu alikuwa anashuka pekupeku, simu mkononi, kisigino kinavuja damu.

"Ulikuwa wapi?"

"Juu kilimani. Huku chini simu haishiki. Viatu vilinichubua nikaviacha... Mishi, mbona umelowa?"

Mishi alimpiga kifuani kwa raba moja. Akampiga na ya pili. "Nilisema kiatu mwambani, mtu majini!"

"Mimi viatu huviacha popote. Sikukumbuka, wallahi. Nisamehe." Akayatazama maji, akaelewa. "Nilimpigia mjomba Alfani aje kuposa. Kaniuliza, 'Mwenyewe anakutaka?' Nikashindwa kumjibu. Miaka yote hii sijathubutu kukuuliza."

Mishi alijipangusa uso kwa ushungi uliolowa. "Vaa viatu."

Wakapanda wote. Kila hatua maji yalimbubujika mabutini. Juu kilimani akanyoosha kiganja. "Mpigie, kisha nipe mimi."

Simu ikaita, ikapokewa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni Mishi, binti wa Kwale." Akaibana simu sikioni. "Namtaka Seifu. Nimemtaka tangu siku ya kwanza. Njoo kesho, mjomba, kabla ya sala."