Nyasi za Uwanja wa Mzani

Zamani, kabla ya soko huria, ukisema unakwenda Mbinga mjini ulimaanisha Uwanja wa Mzani. Msimu wa kahawa watu wa Mpepai walilala pale juu ya magunia yao, akina mama wa Lundo wakiwauzia dagaa, viongozi wakihutubia chini ya mlingoti wa bendera. Hapohapo Bartholomayo, mpagazi wa ushirika, kapera, aliangukiwa na magunia akafa. Wakamwondoa, wakafagia, wakaendelea kupima. Mchana uleule.

Kisha wanunuzi binafsi wakaanza kuifuata kahawa milangoni kwa pikapu. Ushirika ukafa. Uwanjani ikabaki nguzo ya mzani, mlingoti mtupu, na upepo.

Perpetua alikuwa mjane. Ndugu wa mume walimnyang'anya shamba hata matanga hayajaanuliwa, na hakuna aliyewauliza. Akaruhusiwa kulima mteremko ulio chini ya uwanja. Kama asingepanda maharage mwaka ule, angelala njaa. Lakini ngoro, kilimo cha mashimo cha mteremkoni, hailimwi na mtu mmoja. Mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza miraba miraba, mwanamke huzifukia kwa udongo. Alimwomba shemeji yake, Nazari. Nazari akacheka, akamwambia atafute mume kwanza.

Asubuhi moja ya ukungu akakuta nyasi zimelazwa. Kila mraba umenyooka. Nazari ameona haya, akajisemea. Akafukia mpaka jua la utosi.

Alipokwenda kushukuru, Nazari hakucheka.

“Shemeji, mimi huko sijakanyaga.”

Njiani alimsimulia jirani yake, Ottilia. Ottilia akatazama nyuma kwanza, ndipo akanong'ona.

“Mwanamke hufukia nyasi za mumewe, dada. Wewe umefukia za nani? Pale uwanjani alifia kapera.”

Perpetua akatazama udongo uliokauka viganjani mwake.

“Tangu msiba hakuna aliyenishika mkono,” akasema. “Huyu angalau amekuja.”

Walipofika kwake, akaingia ndani. Akafunga komeo.

Kesho yake Ottilia alibisha. Kimya. Akabisha tena. Ndani, jembe lilikuwa likilima.

Akaita watu. Jembe likanyamaza. Wakavunja mlango.

Hapakuwa na mtu. Dirisha lilikuwa limefungwa. Sakafuni zimelazwa nyasi mbichi, miraba miraba. Zote zimefukiwa vizuri, isipokuwa mraba wa mwisho, nyasi zake bado zina umande.

Udongo ule ulitoka wapi, hakuna ajuaye. Sakafu ilikuwa ya saruji, haina hata ufa.

Ottilia aliliokota jembe. Mpini ulikuwa bado una joto.